Mwanga Usiojali Mawingu

Jumatatu, 3 Machi

Kutwa nzima nimewaambia watu wasiogope, kisha jua lilipozama nimerudi nyumbani, nimefunga madirisha yote na kulikagua komeo la mlango mara mbili. Ndiyo sababu nimenunua daftari hili. Sina wa kumwambia kwamba mimi, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa ninayepokea simu za watu walioona taa za ajabu angani, nami naogopa. Wangenicheka mpaka mbavu ziwaume.

Simu zilianza mwezi uliopita. Mtu anaona taa inatembea juu bila sauti, anawapigia polisi. Polisi wanamwelekeza uwanja wa ndege, uwanja wa ndege wanamwelekeza kwetu, na hapa kwetu Mkuu wa kituo ananyoosha kidole kwenye meza yangu. Kazi yenyewe si ngumu. Namuuliza mtu alikuwa wapi, alitazama upande gani, saa ngapi, taa ilikwendaje. Halafu natazama kwenye kompyuta ni satelaiti gani ilipita juu yetu saa hiyo, na karibu kila mara ipo. Jua likishatuzamia sisi huku chini, satelaiti huko juu bado inaliona, kwa hiyo inang'aa. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika ghafla. Huko kuzimika ndiko kunakowatia watu kiwewe.

Leo asubuhi amepiga muoka mikate wa mtaani kwetu. Alikuwa anapakia mikate garini alfajiri.

"Dada, zinatembea kwa foleni! Kitu gani kinapanga foleni angani?"

"Satelaiti mpya, jirani. Zimerushwa pamoja juzi, bado hazijaachana."

"Za nani?"

"Za kampuni ya intaneti."

"Basi mbona simu yangu haishiki mtandao?"

Nikamwambia awapigie wenyewe kampuni.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Simu chache. Zote satelaiti.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu amenikaripia. Si kwa sauti, maana huyu hana sauti. Tunamwita Mzee Taratibu, akianza sentensi unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukamkuta hajaifunga. Alisimama nyuma yangu nikiongea na muuza maziwa, nilipokata simu akasema, "Umeruka swali la mkono, binti."

Swali la mkono ni lake mwenyewe. Alilianzisha baada ya dereva mmoja wa lori kula kiapo kwamba taa nyekundu imemfuata safari nzima, kumbe ni taa ya redio yake ikionekana kwenye kioo. Tangu hapo anataka kila mtu aulizwe: ukiinua mkono ukaiziba ile taa, inapotea? Na ukifunga macho, inapotea? Nilikuwa nauliza mwanzoni. Watu wanaona unawafanya wendawazimu. Mwalimu mmoja wa hesabu alinikatia simu akiwa ananitukana. Nikaacha.

"Kabla hujaitafuta taa angani," akasema Mzee Taratibu, "hakikisha iko angani."

Nikaitikia ndiyo Mkuu, na moyoni nikasema mzee huyu astaafu akapumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Hata mama ameiona.

Mama naishi naye. Ni fundi wa nguo, na cherehani chake kiko barazani, mahali anapoweza kuona nani anapita na amevaa nini. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, mimi nikiwa mdogo. Sindano ya cherehani ilivunjika ikamrukia. Ukimpa pole anakujibu, "Jicho moja linatosha, hata uzi ni mmoja." Kwa jicho hilo moja anatunga uzi kwenye sindano kabla mimi sijapata miwani.

Leo magharibi, akiwa anafunika cherehani, akaniita. Mwanga ulikuwa umepita upande wake wa kulia, mwembamba, wa haraka, kama radi ya mbali. Nikatazama kwenye simu: satelaiti ilikuwa imepita dakika hiyohiyo.

"Satelaiti, mama."

"Mbona ilikuwa na haraka hivyo?"

"Nyingine zinajizungusha. Zikipatana na jua zinamulika mara moja tu."

"Haya. Wewe ndiye mtaalamu."

Nimefurahi. Ni mara ya kwanza mama kuniuliza kitu cha kazi yangu na mimi kukijua papo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Mama tena, saa ileile. Satelaiti.

Jumatatu, 10 Machi

Mama tena, safari hii alfajiri akiamka. Satelaiti.

Jumatano, 12 Machi

Mama anasumbuliwa na nzi. Anapunga mkono mbele ya uso siku nzima. Nimepuliza dawa chumba kizima, sijaona nzi hata mmoja aliyekufa.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi wa bweni la wasichana alipiga simu jana akilia. Wanafunzi wameona taa, wamepiga kelele, mmoja amezimia, na sasa hawataki kutoka kwenda kuoga. Mkuu akaniambia niende mwenyewe.

Nilifika jua likizama, nikawasimamisha uwanjani. Nilikuwa nimeshatazama kwenye kompyuta. Nikawaambia, "Tazameni pale juu ya tangi la maji. Itatokea sasa hivi." Ikatokea. Walipiga kelele za kuogopa, kisha wakaanza kucheka, kisha makofi. Nilijiona kana kwamba nimeiita mimi mwenyewe.

Kurudi nyumbani nilitembea peke yangu, na kila nyota niliyoitazama niliona inasogea. Nikaanza kukimbia. Mtu mzima, na mkoba wa ofisi begani, nakimbia nyota. Niandike basi ukweli, maana hakuna atakayesoma. Siogopi watu wa sayari nyingine. Naogopa siku nitakayoulizwa hiki ni nini, nitazame kwenye kompyuta, nikute hakuna kitu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Mawingu yameshuka mpaka yanagusa mnara wa simu. Simu yangu ya mezani imekaa kimya kutwa.

"Watu hawaogopi wasichokiona," amesema Mzee Taratibu, na sentensi yake ilikuwa fupi kuliko zote.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Hakuna simu. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 20 Machi



Leo magharibi nilikuwa jikoni nakoroga chai. Mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Umeme umekatika tangu mchana na nilikuwa sijawasha taa ya betri. Mama amekaa chumbani kitandani, mlango uko wazi, akaniambia kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Imepita tena."

Nami nikajibu kwa mazoea, "Satelaiti, mama."

Kisha kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Juu ya nyumba yetu kuna wingu zito tangu Jumanne. Hakuna satelaiti mtu yeyote anayeweza kuiona. Hata mwezi hatujauona.

Nikaenda mlangoni kwake. Kulikuwa na giza la jioni, lile linaloacha vitu vikiwa na umbo bila rangi. Madirisha yamefungwa. Nikamuuliza, "Imepita wapi, mama?"

"Pale." Akanyoosha kidole upande wa kulia. "Juu ya kabati."

Kabati liko ndani.

Nilitoka nje bila viatu nikasimama kwenye mvua nikitazama juu. Hapakuwa na kitu. Nikarudi, nikafungua kabati. Nguo, karatasi za kukatia nguo, kopo la vifungo. Mama ananitazama tu.

"Si umesema ni satelaiti?" akauliza.

Nimeshindwa kumwangalia usoni. Nimewasha taa ya betri na sijaizima mpaka sasa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia kaka yangu mkubwa, anayeishi mbali na kuja kwa nadra.

"Mdogo wangu, tukubali tu. Mama anaanza kuchanganyikiwa. Umri huo."

"Mama hajachanganyikiwa! Juzi amenitajia vipimo vya gauni langu la kumaliza shule, kiuno mpaka pindo."

"Wanakumbuka ya zamani. Ya leo ndiyo yanawapotea. Mlete huku aonwe na daktari wa akili."

Nimemkatia simu. Nimekasirika kwa sababu hata mimi nimewaza hivyo, na hofu hiyo ni kubwa kuliko ya taa. Mama akipotea akiwa bado amekaa mbele yangu nitafanya nini?

Jumapili, 23 Machi

Mama ametundika vitambaa kwenye madirisha yote, mabaki ya vitambaa vya wateja, kimoja kina maua, kingine ni cha suti. Anasema hataki ile taa imwone.

"Mama, haina macho."

"Nikigeuza kichwa inageuka nami. Nikigeuka haraka inakuja haraka. Inanijua, mwanangu."

Hakusema kwa kutia chumvi. Alisema kama anavyosema kitambaa hiki kitachuja rangi kikifuliwa. Nimekaa naye kitandani, tumejifunika blanketi moja, na kila alipogeuza shingo nami niligeuza yangu. Nimetazama pembe za chumba hicho mpaka zikaanza kupumua. Nimelelewa na mwanamke huyu ambaye, mwizi aliporuka ukuta, alimfukuza akiwa na mkasi mkononi. Kumwona akiogopa kumenivunja nguvu kuliko chochote.

Muoka mikate alikuja jioni kutuletea mkate wa moto. Zamani nilimwona msumbufu, mtu wa maswali. Nilimkaribisha kwa furaha ambayo haikumstahili, nikitaka tu sauti ya mtu wa tatu. Tulikuwa tunakula katika mwanga hafifu wa jioni mama alipotulia na kusema, "Hiyo."

Jirani alikuwa anatazama palepale. Hakuona kitu, nami sikuona kitu. Mtu mwingine angecheka. Yeye aliweka mkate chini polepole, na nilipomsindikiza nje akaniambia, "Dada, zile zako za foleni niliziona kwa macho yangu. Hii sikuiona. Na mama yako namjua, hana uongo. Sasa ni nini?"

"Sijui."

Hilo neno sijalitamka kwa mtu yeyote tangu simu zianze.

Jumanne, 25 Machi

Mteja amerudisha gauni. Mshono wa upande wa kulia umekwenda upogo, kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mama. Hakubishana. Ameufumua wote kimya, huku akipangusa hewa mbele ya uso wake.

"Masizi," akaniambia. "Jiko lako linatoa masizi, yanaelea kila mahali."

Nimesafisha jiko. Lilikuwa safi.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali kubwa, asubuhi. Ya jana niyaandike yote, yasinipite.

Jana kazini nilishindwa kuvumilia. Nikamwendea Mzee Taratibu, nikasingizia kwamba kuna mteja. "Mkuu, kuna mama mmoja anapiga kila magharibi. Anaona mwanga hata kwenye mvua. Hata ndani ya nyumba."

Alikunja gazeti. Akaanza kuuliza, taratibu zake zilezile, na mimi nikijibu nilihisi kila swali linanisogeza ukingoni. Upande gani? Uleule kila siku. Unadumu? Hapana, unamulika tu. Walio naye wanauona? Hapana. Akigeuza kichwa? Unageuka naye.

"Na mkono?"

"Sikumuuliza."

"Kufunga macho?"

"Sikumuuliza, Mkuu."

"Huyo mama yuko wapi?"

Machozi yalitangulia. "Yuko kwangu. Ni mama yangu."

Sijawahi kumwona Mzee Taratibu akifanya haraka. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Nenda! Nenda kamuulize sasa hivi!"

Nilikimbia kwenye mvua. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, cherehani hakijaguswa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nataka ufunge jicho. Lifunge kabisa. Sasa geuza kichwa."

Akageuza.

"Mwanga bado upo?"

"Upo," akasema, jicho limefumbwa. "Tena hivi ndiyo unaonekana vizuri zaidi."

Nilishika mguu wa kitanda. Ule mwanga haukuwa angani, wala juu ya kabati. Ulikuwa ndani ya jicho la mama yangu, jicho lake la pekee, na mimi tangu mwanzo wa mwezi nilikuwa nikiupa majina ya satelaiti.

Akafumbua. Akaelekeza uso pembeni, kulia, akakunja uso kidogo kama anayesumbuliwa na kitu kidogo tu.

"Halafu hili pazia jeusi nalo, utaliondoa lini?"

"Pazia gani, mama?"

"Hili la pembeni. Liko tangu asubuhi. Nilidhani wewe umeongeza jingine."

Pembeni yake kulikuwa na ukuta mtupu.

Sikujua ugonjwa huo unaitwaje, ila nilijua kwamba pazia likishaanza kufungwa mtu hasubiri. Nikatoka barabarani nikampigia kelele muoka mikate. Hakuuliza hata swali moja, yeye wa maswali. Alishusha trei zote za mikate barabarani, mvua ikinyesha juu yake, tukamlaza mama nyuma ya gari juu ya magunia matupu ya unga, nami nikamshika kichwa kisitikisike. Njia ilikuwa maji matupu. Kila shimo gari lilipoingia niliuma meno, maana nilihisi jicho lile linashikiliwa na uzi mmoja. Mama alikuwa anaogopa, mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini akaninong'oneza, "Kwa unga huu na joto la gari hili nikifika nitakuwa nimeumuka." Nikacheka na kulia kwa pamoja.

Daktari wa macho ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Alimmulika, akammulika tena. Akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando mwembamba wa kuonea, na wa mama umechanika na unabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Ukivutwa, jicho linaona mwanga, kwa kuwa jicho halina njia nyingine ya kupiga kelele. Masizi na nzi ni chembe za ndani. Pazia ni pale palipokwisha kubanduka.

"Mwanga ulianza lini?"

"Tarehe nane," nikasema. Tarehe hiyo niliijua.

"Mbona hamkuja?"

"Nilimwambia ni satelaiti."

Hakunielewa, akaniacha. "Na jicho la pili?"

"Halioni. Sindano, zamani."

"Kwa hiyo tuna hili tu."

"Tuna hilo tu."

Akasema katikati bado hapajabanduka, kwa hiyo lipo tumaini, na kwamba hawezi kuniahidi. Wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Mama aliniuliza mlangoni, "Nikitoka nitaona?" Kwa mara ya kwanza sikumpa jibu la haraka. Nilimshika mkono mpaka waliponiambia nimwachie.

Ijumaa, 28 Machi

Wamemaliza. Wamerudisha utando mahali pake na kujaza hewa maalumu jichoni iukandamize mpaka ushike. Lazima alale kifudifudi, mchana na usiku, hewa ipande nyuma. Hataona kitu cha maana mpaka hewa iishe, na hapo ndipo tutajua. Haijulikani lini.

Jumatano, 2 Aprili

Kifudifudi. Anaongea na sakafu.

Jumatatu, 7 Aprili

Kaka amekuja. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Akaingia wodini na suti yake, akaona mama uso umetazama chini kwenye tundu la mto, akavua koti, akajilaza chali sakafuni chini ya uso wake, katikati ya wodi, wauguzi wakimruka.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Umenenepa. Nasikia unavyopumua."

Akalala pale chini mpaka saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha. Ile hasira sijui imekwenda wapi. Nje akaniambia, "Ningempeleka kwa daktari wa akili. Angepofuka huku wanamuuliza leo ni siku gani." Nikamwambia hata mimi nimekosea. Tumekaa kwenye ngazi tukila mkate wa muoka mikate, wote wawili macho mekundu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimemwomba mama radhi. Nilipiga magoti ili niwe karibu na sikio lake.

"Kila uliponiambia ni satelaiti, nililala," akasema. "Ungeniambia hujui ningekesha."

"Ungekesha, lakini ungekwenda hospitali mapema, mama."

"Hapo kweli," akasema. Hakunifariji zaidi ya hapo, na nimeshukuru kwamba hakunidanganya.

Jumanne, 22 Aprili

Tuko nyumbani. Anaruhusiwa kukaa. Anaona ukungu, na mstari mweusi unaoyumba kama maji ndani ya chupa. Ndiyo ile hewa. Inapungua kwa kujiviringisha kuwa duara. Mvua haijakoma.

Kazini nauliza swali la mkono kabla ya jingine lolote, hata mtu akipiga kuulizia mvua ya kesho. Nimeshatukanwa. Mzee Taratibu hunisikiliza kutoka chumba cha pili, na sasa namletea chai.

Jumapili, 4 Mei

"Leo liko sawa na kifungo cha koti," amesema mama kuhusu lile duara.

Jumatatu, 12 Mei

Kifungo cha shati. Anauliza kama mtu anayeona ukungu anaweza kushona kwa kupapasa. Usiku nasikia anapapasa uzi na sindano gizani. Hajawahi kufaulu, na hajui kama namsikia.

Jumatano, 21 Mei

Kichwa cha pini. Sina hamu ya chakula. Muda wote duara likiwepo tunaweza kusema subiri. Likiisha tutakuwa hatuna la kusingizia.

Jumatatu, 26 Mei

Limeisha. Anaona dirisha. Anaona ni dirisha, haoni vioo vyake ni vingapi. Daktari amesema jicho linachoka, lipewe muda. Tena akasema akiona mwanga wowote wa kumulika, hata mara moja, tumrudishe siku hiyohiyo, maana jicho hilo halitastahimili kuchanika mara ya pili. Tangu alipotamka hivyo namwangalia mama kila akigeuza kichwa.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Jana mchana anga ilifunguka, imebaki wazi mpaka leo jioni, na simu yangu ya mezani ikafufuka. Satelaiti, satelaiti.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa barazani. Amevitundua vitambaa vyote madirishani. Akasema anataka kukaa nje jua likizama. Sikutaka. Nilitafuta sababu, baridi, mbu, akaniambia nikae au nipishe upepo. Nikakaa. Nilikuwa nimetazama kwenye kompyuta kabla ya kutoka ofisini: mapema jioni hii hakuna satelaiti inayopita juu yetu, mpaka giza liwe limeingia vizuri. Nilikuwa nimepanga nimwingize ndani kabla.

Giza lilikuwa bado. Nilikuwa natazama uso wake.

"Hiyo," akasema.

"Wapi?"

"Kulia."

Upande uleule. Sikuthubutu kugeuka kutazama. Nilijua nikigeuka nitakuta anga tupu, na mwisho wetu utakuwa umefika hapo barazani.

"Mama, inua mkono. Uzibe huo mwanga."

Akainua mkono wake wa ufundi, kidole cha kati kina tondoo la kusukumia sindano.

"Umepotea," akasema.

"Toa mkono."

"Upo."

"Funga jicho."

Akafunga.

"Unaona nini?"

"Giza."

"Giza kabisa? Geuza kichwa, mama. Tafadhali geuza kichwa."

Akageuza kulia, akageuza kushoto. "Giza tupu, mwanangu. Giza kama la watu wote."

Ndipo nilipogeuka. Ilikuwepo. Taa moja nyeupe, haina sauti, inakwenda zake juu ya mapaa bila kupepesa. Nikatoa simu, nikatafuta. Hakuna kitu. Nikatafuta tena. Kwa saa hiyo na upande huo, hakuna chochote chenye jina. Siku niliyoiogopa tangu nianze daftari hili ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha.

"Ni satelaiti?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Ng'ambo ya barabara muoka mikate alitoka mbio dukani, mikono imejaa unga, ananyoosha kidole juu. "Dada! Dada, mnaiona hiyo?"

Mama alijibu kabla yangu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Tunaiona!"